Jua la Saa Tatu Usiku: Norfolk kwa Baiskeli, Peke Yako

Wiki ya tatu ya Juni, mjini Norwich, mashariki mwa Uingereza, jua huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Hesabu yetu ya saa, iliyozoea jua la Ikweta lisilowahi wala kuchelewa, huko hupigwa chenga: unasema ni saa mbili usiku na bado umevaa miwani ya jua. Kwa mtu mwenye baiskeli, maana yake ni kwamba ana karibu saa kumi na saba za mwanga na hakuna anayemdai haraka.

Safari ninayoisimulia ni ya yapata kilomita 70, kutoka Norwich hadi bandari ndogo ya Wells-next-the-Sea, kwenye Bahari ya Kaskazini. Mwendeshaji hodari huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi huipa siku nzima, tena peke yangu, na sioni aibu. Wengi wakisikia habari za njia za shamba za Uingereza hudhani utulivu wake umejileta wenyewe, kama vile vijiji vile vilizaliwa vimenyamaza. Ukizipita polepole unagundua kwamba kila kilomita ya kimya ina mtu aliyeitafuta, aliyeipigania, au aliyeondoka ndipo ikapatikana.

Kilomita za mwanzo ni za reli iliyokufa. Marriott's Way, njia ya waenda kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli, inatoka Norwich na kuzunguka kilomita 42 hadi Aylsham. Jina ni la William Marriott, mhandisi aliyeitumikia kampuni ya reli ya Midland and Great Northern kwa miaka 41. Treni za abiria zilikoma kufika mwaka 1959, miaka minne kabla ya ripoti maarufu ya Richard Beeching, iliyopendekeza kufungwa kwa maelfu ya kilomita za reli nchini kote. Kwa watu wa vijiji hivyo lilikuwa pigo. Kwa baiskeli ilikuwa neema, maana treni haiwezi mlima mkali wala kona ya ghafla, na wajenzi wake walilisawazisha tuta kwa sururu ili mimi, baada ya miaka zaidi ya mia moja, nisihangaike kubadili gia.

Kona moja tu ndiyo inayovunja kanuni hiyo. Karibu na kijiji cha Themelthorpe, mwaka 1960, kwa ajili ya treni za mizigo zilizobaki, reli mbili zilizokuwa zikipitana bila kuonana ziliunganishwa kwa tao lililopinda mno, likatajwa kuwa kona kali kuliko zote katika mtandao wa reli wa Uingereza. Wengi hulikwepa kwa kukatisha moja kwa moja kwenda mji mdogo wa Reepham. Wanakosa. Hapo miti imefunga juu, njia inageuka chini yako taratibu, na kwa dakika kadhaa hujui kama unaelekea kaskazini au unarudi ulikotoka.

Wazo la kugeuza tuta la reli kuwa njia ya baiskeli halikutoka serikalini. Mwaka 1977 mjini Bristol kundi la wapenda baiskeli lilijikusanya, na miaka michache baadaye wakawa wanashika makoleo wenyewe kwenye reli ya zamani kati ya Bristol na Bath. Kutokana na juhudi hizo ilipatikana taasisi iliyopewa pauni milioni 43.5 za bahati nasibu ya taifa mwaka 1995 kuanzisha Mtandao wa Taifa wa Baiskeli. Njia namba 1 ya mtandao huo huanzia Dover, mkabala na Ufaransa, na kupanda hadi visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland. Safari yangu ni kipande chake kidogo. Alama zake ni vibao vya buluu vyenye namba ndani ya kisanduku chekundu, vingine vimefunikwa na majani kiasi kwamba unavipita ndipo unavikumbuka.

Baada ya Reepham tuta la reli linaachwa na njia za shamba zenyewe zinaanza. Upana wake hautoshi magari mawili kupishana. Moja lazima lirudi nyuma hadi penye upenyo. Kando zote mbili kuna ua wa miti hai, yenye miiba mingi, mingine iliyopandwa zamani sana na mingine wakati wa sheria za karne ya 18 na 19 zilizogawa ardhi ya pamoja ya wanakijiji kuwa mashamba ya watu binafsi. Kona nyingi utakazokutana nazo hazina sababu ya kijiografia. Njia ilikunja hapo kwa sababu hapo ndipo shamba la mtu lilipoishia, na mpaka wa marehemu huyo bado unakulazimisha kushika breki leo.

Mlima hakuna. Mahali palipoinuka kuliko pote Norfolk hapafiki mita 110 kutoka usawa wa bahari. Adui ni upepo, ambao kwa kawaida hutoka kusini-magharibi, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuanzia Norwich na kumalizia pwani badala ya kinyume chake. Mashamba ni ya ngano, shayiri, na zao la mizizi minene inayokamuliwa sukari. Ukifika kijiji cha Great Ryburgh unaelewa shayiri yote ile inakwenda wapi: kuna kiwanda kikubwa cha kimea cha kutengenezea bia, na siku ya upepo harufu yake hukupokea kabla hujaliona kanisa. Kanisa lenyewe lina mnara wa mviringo, mtindo ambao Uingereza unapatikana zaidi Norfolk na jirani yake Suffolk. Inasemwa kwamba wenyeji hawakuwa na mawe ya kuchonga pembe, walikuwa na mawe ya gumegume tu, na gumegume hukubali duara kuliko kona.

Karibu na mji wa Fakenham liko kasri la Raynham, nyumbani kwa Charles Townshend, lodi wa karne ya 18 aliyeipenda turnipu, zao jingine la mizizi, hadi akabandikwa jina la zao hilo. Yeye na wenzake ndio waliotangaza kilimo cha kuzungusha mazao manne, ngano, turnipu, shayiri na klova, bila kuliacha shamba lipumzike bure. Kilimo hicho kilihitaji mikono mingi. Leo trekta moja lenye dereva mmoja linalima eneo lililokuwa la kijiji kizima, na vibarua walikwenda zao mijini. Utulivu wa njia hizi una gharama hiyo pia, na sipendi kuusifu nikajifanya sijui: nyumba nyingine unazozipita zimefungwa madirisha kwa sababu wenye nazo huja wikiendi tu kutoka London. Huko kijiji cha Burnham Market, si mbali na Wells, mwaka 2023 wakazi walipiga kura kukubali kwamba nyumba mpya zisiuzwe tena kwa watu wa aina hiyo.

Ukiwa peke yako unasikia zaidi. Wawili wakiendesha pamoja huzungumza, watatu hushindana. Mmoja husikia mnyororo wake, halafu baada ya muda huacha kuusikia, na ndipo sauti nyingine zinapojitokeza: ndege wadogo wanaopanda angani juu ya ngano huku wakiimba bila kuvuta pumzi, mashine ya kuvuna ikiwa mbali, mbayuwayu wakipita chini ya usukani karibu kuugusa. Mbayuwayu hao wakati wa baridi watakuwa Afrika Kusini. Na kuna kekeo, yule ndege anayetaga yai katika kiota cha ndege mwingine na kumwachia ulezi. Mwaka 2011 watafiti wenye makao yao Thetford, hapahapa Norfolk, waliwafunga kekeo watano vifaa vidogo vya setilaiti ili wajue wanakopotelea. Wakaonekana katika misitu ya Kongo. Kekeo waliokomaa huanza kuondoka Uingereza Juni hiyohiyo, kwa hiyo ukimsikia mmoja kijijini Foulsham huenda anaaga.

Tena mtu mmoja juu ya baiskeli haogopwi. Kundi la waliovaa nguo za kubana likipita, wazee wanaokata ua wao hugeukia kazi yao. Akipita mmoja aliyetulia, mwenye madgadi na keria ya nyuma, husimamishwa aulizwe anatoka wapi. Mimi huulizwa mara mbili, kwanza natoka wapi leo, kisha natoka wapi hasa. Swali la pili haliniudhi kwenye njia kama hizi. Mara nyingi aliyeuliza ana mtu aliyewahi kufanya kazi Nairobi au Mwanza na anatafuta tu wa kumwambia.

Penye lango la shamba utaona kisanduku cha mbao: mayai, wakati mwingine maboga madogo au chupa za jamu, na kopo la bati lenye tundu. Unachukua, unatia sarafu, unaondoka. Hakuna mtu. Wageni wengi kutoka kwetu hupiga picha na kusema kwetu haiwezekani. Mimi nimewaona wenye maduka Unguja wakienda kuswali wakiacha fimbo tu imelazwa mlangoni, kwa hiyo naomba tusijidharau.

Mjomba wangu wa Sengerema, aliyesomesha watoto wake kwa baiskeli ya Phoenix iliyobeba samaki na baadaye abiria, hanielewi. "Kilomita sabini, bila mzigo, bila abiria," aliniambia kwenye simu. "Sasa ulikuwa unafuata nini huko, mjomba?" Nikamjibu nilikuwa natembea tu. Akacheka sana. "Na kurudi umerudi na nini?" Nikamtajia mayai, akaridhika kidogo.

Swali lake ni la haki. Kwetu baiskeli ni mali ya kazi: hubeba mkaa, maziwa, ndizi, mgonjwa. Boda boda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli iliyovusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Lakini hata Waingereza hawakuanza na starehe ya bure. Baiskeli ya kisasa, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa na John Kemp Starley mjini Coventry mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, akaleta tairi la kujazwa upepo. Bei ziliposhuka, aliyenufaika hakuwa tajiri mwenye farasi wake bali karani, fundi na muuza duka. Mwaka 1896 H. G. Wells (hana undugu na mji wa Wells) alichapisha riwaya ya The Wheels of Chance, ambayo mhusika wake mkuu ni mfanyakazi wa duka la vitambaa anayetumia likizo yake fupi kuzunguka kusini mwa Uingereza kwa baiskeli. Wasomaji wa wakati huo walimjua mtu huyo. Alikuwa mtaani kwao.

Na muda wenyewe wa kuzunguka ulitafutwa. Sheria ya sikukuu za benki ilipitishwa mwaka 1871. Sheria ya likizo yenye malipo, iliyofungua mlango wa wiki moja kwa mwaka kwa mamilioni ya wafanyakazi, ilisubiri hadi 1938. Hata barabara nzuri zilidaiwa na waendesha baiskeli kabla ya gari kuonekana. Chama chao kikuu kilianzishwa Harrogate mwaka 1878, na mwaka 1886 walishiriki kuunda jumuiya ya kudai barabara ziboreshwe. Walikuwa wakisimamisha vibao vyao wenyewe kuwaonya wenzao juu ya miteremko ya hatari. Madereva walipokuja, wakakuta sehemu ya kazi imeshafanywa, wakakaa.

Baiskeli za Raleigh zilizoendeshwa na wafanyabiashara wa Mombasa na wakulima wa kahawa wa Bukoba zilitengenezwa Nottingham, saa chache kwa treni kutoka hapa. Kiwanda hicho kilimaliza uzalishaji wake mjini humo mwaka 2002, na sehemu ya eneo lake sasa ni chuo kikuu.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya utalii hulipitia mbali. Kwenye njia hizi nyembamba, zisizo na kibao kingine, sheria humruhusu dereva kwenda hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96. Madereva wengi hawathubutu, lakini wapo wanaothubutu, na zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Uingereza hutokea kwenye barabara za vijijini. Sheria ya uchukuzi ya mwaka 2000 iliziruhusu halmashauri kutangaza baadhi ya njia kuwa njia za utulivu, zile zinazopita magari yasiyozidi 1,000 hivi kwa siku, na Norfolk ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya majaribio. Utaona kibao cha kijani chenye picha za mtu, farasi, baiskeli na gari. Kibao hicho kinamwomba dereva. Hakimpunguzii mwendo kisheria. Kwangu huo ni woga wa watunga sheria. Mwaka 2022 kanuni za barabarani ziliongezewa maelekezo kwamba anayempita mwendesha baiskeli amwachie angalau mita moja na nusu, na kwenye njia yenye upana wa mita tatu maana yake ni kwamba asimpite kabisa mpaka apewe nafasi.

Kipimo cha jinsi utulivu unavyopotea kilitolewa na wasimamizi wa mtandao wa baiskeli wenyewe. Mwaka 2020 waliondoa au kubadilisha hadhi ya karibu robo ya njia zao, kwa sababu magari yalikuwa yamezidi au yameongeza mwendo kiasi kwamba haikuwa haki kumwelekeza huko mtoto au mzee. Njia hazikuhama. Zilijaa.

Kilomita chache kabla ya Walsingham nachepuka kuingia Houghton St Giles, penye kikanisa kidogo cha karne ya 14. Mahujaji waliokuwa wakienda Walsingham, ambako inasimuliwa kwamba mwaka 1061 Bi Richeldis wa ukoo wa bwanyenye alitokewa na Bikira Maria, walivua viatu hapa na kumalizia safari peku. Mfalme Henry VIII naye alikwenda kuhiji Walsingham ujanani mwake. Mwaka 1538 utawala wake uleule ukaiangamiza monasteri ya huko. Kikanisa kilipata kuwa ghala na banda la mifugo kabla Wakatoliki hawajakirudishia ibada. Siku hizi mahujaji ni wengi tena, Wakatoliki na Waanglikana kila mmoja na mahali pake, na wakati wa joto utawakuta kwenye njia nyembamba wakitembea kwa makundi wakiimba. Hapo baiskeli hushukwa na kusukumwa. Ukipiga kengele nyuma ya watu walio katika sala unastahili jicho utakalotazamwa.

Baada ya Walsingham unaanza kuinusa bahari. Mtu wa pwani akifika Wells hujisikia nyumbani kwa sababu moja: maji hupwa kwelikweli. Mashua zinalala ubavu kwenye tope, watoto wamepanga mstari ukingoni mwa gati wakishusha kamba zenye vipande vya nyama kuvua kaa, na kaa wakishahesabiwa hurudishwa majini. Ufukwe wenyewe uko mbali kidogo na mji, zaidi ya kilomita moja, ng'ambo ya vinamasi vya maji ya chumvi. Ukutani utaonyeshwa alama ya maji yalipofika usiku wa Januari 31, 1953, bahari ilipovunja kingo za pwani hii na kuua watu 307 Uingereza. Chipsi na samaki huuzwa hapohapo gatini, na walioendesha tangu asubuhi hujitambulisha kwa jinsi wanavyokula bila kuongea.

Kwa anayetaka kwenda: treni kutoka London Liverpool Street hufika Norwich kwa yapata saa mbili. Chagua Juni au Julai mapema, siku ya kazi, maana Agosti shule zimefungwa na magari ni mengi. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu na maji. Mafundi wa baiskeli hawako kila kijiji kama kwetu. Nunua ramani za karatasi za Ordnance Survey, zile namba 132, 133 na 134, na ufuate barabara zilizochorwa kwa mstari mwembamba wa njano, kwani simu hupoteza mtandao mabondeni. Ukikutana na farasi, punguza mwendo na umsalimu aliyempanda kwa sauti, ili mnyama ajue kwamba kinachomjia nyuma ni binadamu.

Reli ya Wells ilifungwa mwaka 1964, hivyo usitegemee treni ya kurudi kutoka hapo. Wala usirudi kwa barabara kuu ya pwani, A149, wakati wa joto: ni nyembamba na ina magari ya watalii. Shika njia ya baiskeli namba 30, inayopita vijijini ndani kidogo ya pwani, uelekee mashariki hadi Sheringham. Hapo kuna treni ya kurudi Norwich, na inapakia baiskeli, ila nafasi ni chache.